Matembezi ya Siku Tisa

Mume wangu alikuwa mchaguzi wa sandarusi, ule utomvu wa miti ya kale unaochimbwa ardhini. Watu wa bara waliileta katika vikapu, imegandamana na udongo kama mihogo iliyong'olewa sasa hivi. Kazi yake katika bohari ya tajiri mmoja wa Kihindi, pale Bagamoyo, ilikuwa kuiosha kwa magadi, kuianika, kisha kuishika kipande kimoja kimoja mbele ya jua na kusema: hii ya kwanza, hii ya pili, hii tupa. Sandarusi nzuri ikishaoshwa huwa na vipele, kama ngozi ya mtu aliyeoga maji baridi. Mikono yake ilinuka utomvu hata siku ya Ijumaa. Alikuwa mtu mpole asiyepaza sauti, na mwenye woga mkubwa wa kusema neno litakalomuumiza mtu. Nalitanguliza hili ili asije akadhani mtu kuwa namsimulia mume mwovu.

Mwaka ule Wadachi walikuwa hawajaja kukaa. Bendera ya forodhani ilikuwa bado nyekundu, ya Seyyid wa Unguja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili katika ndoa. Mimba tatu zilitoka. Ya nne ilikaa, nikazaa mtoto mwanamume, akaishi siku thelathini na tisa. Mbuzi wa arobaini alikuwa amekwisha kufungwa uani, nikamsikia akilia asubuhi yote watu walipokuwa wakija kuzika.

Baada ya hapo nilikufa ganzi. Sina neno jingine. Ukiukalia mguu vibaya, ukiukanyagia chini unajua kuwa ardhi ipo, lakini huisikii. Ndivyo nilivyokuwa, mwili na moyo. Nilipika, nilifagia, niliitika salamu, nilikwenda harusini na matangani. Watu wakanisifu kwa subira. Haikuwa subira. Mwenye subira anabeba kitu, na mimi sikuwa nimebeba chochote. Miaka miwili ikapita hivyo.

Baada ya Iddi, masika yalipokwisha, mume wangu akaja na habari. Tajiri wake alikuwa na shehena ya nguo na mchele ya kupeleka bandari za kaskazini, na meli ya moshi ya Seyyid ingepita kuichukua. Ingeshusha Saadani, Pangani na Tanga, ivuke kwenda Pemba, ishuke Unguja, kisha irudi Bagamoyo. Tajiri alikuwa amemwambia kuwa kifua chake kimeharibika kwa vumbi la bohari, na kwa kuwa sandarusi haikuwa ikija wakati ule, achukue nafasi mbili melini, yeye na mkewe, wakabadili hewa.

Nikamwuliza tunakwenda kufanya nini huko. Akasema hatuna la kufanya. Ni kutembea tu, kula, kulala na kutazama. Nikamwuliza nani atampikia mama yake. Akasema mama yake ndiye aliyeshauri niende.

Hilo lilinishangaza kidogo, maana mavyaa wangu, huyo mama yake tuliyekaa naye nyumba moja, hakuwa mtu wa kumtakia mkwewe starehe. Lakini mshangao wangu wa siku zile haukudumu. Ulikuwa kama jiwe linalotupwa kwenye tope. Mume wangu akaniletea leso mbili mpya. Siku zile leso zilikuwa za kushona, vitambaa vidogo sita vinaungwa pamoja kuwa nguo moja. Moja ilikuwa nyekundu yenye madoa meupe, nyingine samawati. Mavyaa akanikaangia visheti, akavipanga kikapuni kwa mkono wake, bila kuniangalia usoni hata mara moja.

Maji ya Bagamoyo ni mafupi, meli hukaa mbali sana. Ilibidi tubebwe mpaka kwenye mashua. Mimi nilibebwa begani na mtumwa wa yule tajiri, maji yakimfika kifuani, na mkono wake mmoja akauinua juu muda wote ili ukaya wangu wa kichwani usilowe. Sikumtazama usoni wala sikumwambia ahsante. Miaka hii ya uzee ndiyo namwona, na kovu la duara alilokuwa nalo karibu na sikio. Wakati ule macho yangu yaliona kila kitu, lakini hakuna kilichopita kuingia ndani.

Melini wanawake tulitengewa mahali petu upande wa nyuma, pamezungushiwa turubai. Palinuka makaa na mafuta, na mbao za sitaha zilitetemeka chini ya mkeka tangu nanga ilipong'olewa. Tulikuwa wachache. Aliyekuwa karibu nami alikuwa bibi mmoja wa Lamu, mtafuna tambuu, aliyekuwa akirudi kwao. Njia ya kwao ingekuwa fupi kama si meli ile kuzunguka, na alilalamika juu ya jambo hilo tangu asubuhi mpaka jioni. Akaniuliza kama tunakwenda msibani. Nikasema hapana. Harusini? Hapana. Kuna mgonjwa? Nikamwambia tunakwenda kutembea tu, kisha turudi. Akatema tambuu yake kwenye kopo, akanitazama sana.

"Tangu nizaliwe," akasema, "sijasikia mtu kupanda meli kwenda asikokuwa na haja."

Nilicheka kwa heshima. Baadaye nilikuja kuona kuwa bibi yule alijua mambo kuliko mimi.

Saadani tulifika mchana. Meli ilikuwa na kazi ya kushusha mpaka kesho yake, kwa hiyo tulitelemka. Mji ule ulikuwa mdogo kuliko wetu, nyumba za makuti zilizopangana nyuma ya mikoko, na wapagazi wa Kinyamwezi wamelala vivulini. Mume wangu alitafuta mahali penye samaki wa kuchoma, akanichagulia kipande cha shingoni, akanitolea miiba kwa vidole vyake. Tulitembea ufukweni. Alitangulia hatua chache, kama ilivyo desturi, lakini kila mara alisimama kunisubiri. Na alisema! Alinihadithia juu ya mzee aliyemfundisha kuchagua sandarusi, aliyekuwa akiramba kila kipande. Alinionyesha sandarusi moja yenye sisimizi ndani yake, aliyokuwa amekuja nayo mfukoni, sisimizi mzima na miguu yote. Tangu harusi yetu sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi namna ile.

Kama utaniuliza nilifurahi, nitakujibu kuwa nilijua kwamba jambo lile ni la kufurahisha. Nilitabasamu palipotakiwa kutabasamu. Yeye aliridhika, na mimi niliridhika kuwa ameridhika.

Siku ya pili jioni tukawa mbele ya Pangani. Meli haiwezi kuvuka fungu la mchanga lililo mdomoni mwa mto, basi asubuhi ya siku ya tatu tukachukuliwa kwa mashua, mawimbi ya kusi yakitunyanyua na kutuangusha. Ndani ya mto maji yakatulia ghafla. Upande mmoja mji, upande wa pili kilima chenye msitu. Palikuwa pazuri, hilo sipingi.

Mume wangu alikuwa ameniambia kuwa tutakaa siku mbili kwa mzee mmoja, binamu wa mama yake. Aliniambia pia kwamba hajapata kufika nyumbani kwake, ila wamekutana forodhani alipokuja Pangani kwa kazi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, ya zamani, na mlango wake ulikuwa mfupi. Mume wangu, ambaye ni mrefu, aliinama akaingia huku bado akizungumza na mimi nyuma yake, bila kutazama juu. Mimi niligonga paji la uso.

Mzee akatupokea vizuri. Nikamwambia nashika miguu, akaitika marahaba, akauliza habari za mavyaa. Mume wangu akaomba ruhusa akatawadhe, akapita ukumbini, akakata kushoto, akatoka uani. Hakuna aliyemwonyesha njia. Nilisimama nikisugua paji langu, na wakati ule ule nikajua. Sikufikiri. Nilijua kama mtu anavyojua kuwa mvua imenyesha akiona uwanja umelowa.

Kisha akaja binti wa mzee na sinia. Alikuwa mjane, wakaniambia, mumewe alizama kwenye fungu lile lile tulilovuka. Umri wake kama miaka ishirini na miwili. Hakuwa mzuri wa kupita kiasi. Alikuwa na mwanya, na sauti nzito kidogo kwa mwanamke. Alileta kaimati na kahawa ya tangawizi, akaniwekea mimi kwanza, akapiga goti kabisa, akasema, "Karibu, dada." Kahawa ikamwagika sinia nzima. Wanawake wengine wa nyumba ile wote walikuwa wakinitazama mimi, si kahawa.

Nikala kaimati. Nikasema ni nzuri, na kweli zilikuwa nzuri, laini ndani. Nikamwuliza anaumua unga kwa tembo la mnazi au kwa hamira ya kunde, akanieleza huku akitazama mkeka. Nadhani alikuwa akingoja niseme neno jingine. Nikachukua kaimati nyingine.

Kesho yake tulipelekwa matembezi juu ya mto, kwa ngalawa kubwa, kuona mashamba ya miwa. Yule binti alikuja pamoja nasi na shangazi yake mmoja. Mikoko ilikwisha, ikaja minazi, kisha miwa mpaka macho yalipokoma. Mwenye shamba, Mwarabu mmoja rafiki wa mzee, alitukaribisha tuone jinsi sukari guru inavyopikwa. Watu wake walikuwa wakizunguka kinu wakisukuma mti, wanaume na wanawake, wamelowa jasho, na mmoja alikuwa hana vidole viwili, vilivyoliwa na kinu. Mwenye shamba alitueleza hilo kama mtu anavyoeleza tabia ya ng'ombe wake. Tukapewa maji ya miwa katika vifuu. Nikanywa chote.

Binti wa mzee hakunywa. Alikaa kando yangu kwenye gogo, akachukua kisu, akanimenyea muwa, akaukata vipande vya urefu wa kidole, akanipa kimoja kimoja. Mume wangu alisimama mbali na wanaume. Mara mbili alitugeukia, na mara zote mbili yule binti aliinamisha uso, na mimi nikamtazama mume wangu mpaka akageuza wake. Sikufanya hivyo kwa hasira. Nilitaka tu kuona uso wake unafananaje. Ulifanana na uso wake wa siku zote, ila umechoka.

Siku ya kuondoka, tukiwa ukumbini tunafunga mizigo, nikatoa ile leso ya samawati, ambayo sikuwa nimeifungua, nikampa yule binti. Nikamwambia ni ya mapishi yake. Aliipokea kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka hapo hapo, akakimbilia ndani. Shangazi yake akasema huyo ni mlizi tangu mdogo. Mume wangu alikuwa mlangoni na kikapu mkononi. Aliona, akatangulia nje. Tulivuka fungu tukarudi melini, na njia nzima alikuwa akishika ukingo wa mashua kwa nguvu kama mtoto.

Tanga sikumbuki vizuri. Ghuba yake ni tulivu na ina kisiwa katikati, na mume wangu aliniletea machungwa mengi mno, zaidi ya yale ambayo watu wawili wangeweza kula. Niliyagawa kwa wanawake. Tulipelekwa kisiwani na mashua. Palikuwa na msikiti wa kale uliobomoka, na makaburi. Mume wangu akasoma Fatiha kwa watu tusiowajua. Akasimama pale kwa muda mrefu kuliko Fatiha inavyotaka. Nilijua kuwa anatafuta pa kuanzia, na nilijua kuwa ningeweza kumsaidia kwa neno moja tu. Sikumsaidia. Nalikiri hilo. Sikuwa na ukali wowote moyoni. Nilikuwa mvivu tu, kama mtu anayeona chungu kinafurika na hainuki.

Kuvuka kwenda Pemba kulikuwa kubaya. Kusi ilitupiga ubavuni, meli ikalala huku na huku, na mume wangu, aliyekuwa amekuja kutibu kifua, akatapika mpaka akabaki hana nguvu. Serahangi, yule mkubwa wa mabaharia, akaniruhusu nitoke nje ya turubai nimhudumie. Nilimweka kichwa pajani, nikamfuta kwa leso yangu nyekundu, nikampa ndimu anuse. Alifumba macho. Nilimtazama, na nikakumbuka kuwa mtu huyu alikesha na mimi siku zote za uzazi wangu, na kwamba alimwosha mtoto wetu yeye mwenyewe kabla ya kuzikwa, na hakuniruhusu nisikie akilia. Nilikumbuka yote hayo kwa mpangilio. Nikangoja huruma ije. Ilikuja kidogo, nadhani, au ulikuwa uchovu wa mgongo.

Yule bibi wa Lamu alikuwa akitutazama kwa mbali. Niliporudi mkekani akaniuliza polepole, "Anaoa au ameshaoa?"

Nikamwambia sijui. Akanipasulia kipande cha popoo, akanipa, akaanza hadithi ndefu juu ya mume wake wa pili, ambayo sikuisikiliza. Chake Chake hatukuteremka, maana mji uko ndani ya hori, mkono mwembamba wa bahari, na meli ilikaa nje. Harufu ya karafuu ilitufikia hata hivyo, na wanawake wote wakainuka kuivuta. Na mimi nikainuka.

Unguja tulikaa siku mbili, katika chumba cha ghorofa kwa ndugu wa yule tajiri. Bibi wa Lamu tuliagana naye bandarini, akingoja meli ya kwao. Mume wangu alinitembeza kila mahali. Aliniketisha mbele ya jumba jipya la Seyyid, refu kuliko minazi, akanihesabia nguzo zake. Alinionyesha mahali maji ya mfereji yanapotoka yenyewe ukutani, na watu wanakinga mitungi bila kuteka. Tulikula halua ya moto. Tuliwaona Wazungu wamekaa vitini wakitazama bahari bila kufanya lolote, mume na mke, na mume wangu akasema, unaona, hata wao.

Siku ya pili mchana alitoka, akarudi mbio akipanda ngazi, na kitu kimefungwa katika kipande cha gunia na maranda ya mbao. Kulikuwa na mashine pale Unguja iliyogandisha maji, na rafiki yake mmoja aliyefanya kazi huko alimpa kipande. Akakifungua kwenye sinia. Barafu. Sikuwa nimeiona maishani. Ilikuwa kama kioo kinene kinachotoka jasho. Akaniambia nishike, nisiogope, kisha akanitazama kama mtoto anavyomtazama mama yake akimpa ua.

Nikaishika. Ilichoma, kisha haikuchoma tena, kisha sikusikia kiganja. Nikakaa nayo vile vile, maji yakinitiririka mpaka kiwiko.

"Kuna jambo," akasema.

"Liko Pangani," nikasema.

Akaketi chini. Akauliza nani ameniambia. Nikamwambia hakuna, ila aliinama mlangoni. Hakuelewa, ikabidi nimweleze kwamba mtu asiyejua nyumba hugonga kichwa. Akafunika uso kwa mikono.

"Umeshamwoa?" nikamwuliza.

"Mfungo nane," akasema.

Mfungo nane ilikuwa kaskazi, miezi mitano nyuma, alipokwenda Pangani siku kumi kutazama sandarusi. Aliporudi alikuwa ameniletea ubani. Akaniambia kuwa mama yake ndiye aliyeshikilia, kwamba nyumba haiwezi kukaa bila mtoto, lakini hataki kumsingizia mama yake, alikubali mwenyewe. Akasema hakuwa na kinywa cha kuniambia. Kila Ijumaa alikuwa akisema Ijumaa ijayo.

"Na matembezi haya?"

"Nilitaka uone vitu vizuri kwanza."

Alisema kweli. Nilimjua, na hakuwa na hila ya kutosha kubuni jibu lile. Alinitembeza bandari nne ili nikusanye uzuri wa kutosha kuupokea ubaya mmoja, na hakujua kuwa vyote viwili kwangu vilikuwa na uzito mmoja. Akaniuliza kama nimekasirika. Nikajitafuta. Nilipekua kweli kweli, kama mtu anavyopekua kasha akitafuta ufunguo.

"Bado," nikamwambia. "Labda itakuja."

Akalia. Nikaiweka ile barafu kwenye sinia, ilikuwa imebaki kama jicho la mbuzi, nikampa kitambaa. Nikamwambia amlete Bagamoyo, maana si heshima mke kukaa kwa babake kama vile hana mume. Alitaka kunibusu mkono. Mkono wenyewe ulikuwa bado hauna hisia.

Tulirudi Bagamoyo siku ya tisa. Mavyaa alitupokea barazani, akaniuliza habari za safari, nikamwambia njema. Nikaongeza kuwa mkwe wake wa Pangani anamsalimu. Akasema nimekonda, niingie ndani nile. Jioni majirani walijaa uani. Niliwahadithia juu ya jumba la Seyyid, maji ya ukutani, miwa ya Pangani. Wakasema nina bahati. Mmoja alisema mumewe hajampeleka hata Kaole. Nikakubali kuwa nina bahati.

Hasira ilikuja, lakini ilichelewa sana na ilikuja mahali pasipofaa. Mke mwenzangu alikuwa ameshahamia, na miezi ilikuwa imepita bila neno baya kati yetu, pale siku moja alipovunja mtungi. Mtungi wa kawaida tu. Nilimtukana mpaka watu wakasimama njiani. Nilimwambia maneno ambayo sikujua kuwa ninayajua. Yeye alisimama katikati ya vigae, na tumbo lake kubwa. Nilipochoka nikaenda chumbani, nikalala tangu adhuhuri mpaka alasiri, nikaamka miguu yangu inaniuma, na njaa inaniuma. Mavyaa akasema amenisikia, na kwamba alikuwa akidhani nimekuwa bubu.

Mke mwenzangu alizaa mtoto wa kike. Mtoto alikuwa bado wa kubebwa vita vilipoanza, mizinga ya Wadachi ikapiga kutoka baharini, na mji mzima ukakimbia. Tulikwenda bara, kwa Wakwere, mpaka Kiwangwa, ambako mume wangu alikuwa na watu waliomletea sandarusi zamani. Mavyaa alitufia njiani, tukamzika kwa haraka kando ya shamba la mtama. Mke mwenzangu alikuwa na homa, kwa hiyo mtoto nilimbeba mimi njia yote. Alikuwa mzito. Alininyea mgongoni, nikasikia joto lake likiteremka, nikaendelea kutembea.

Huko Kiwangwa tulikaa msimu mzima tukilima mihogo ya watu. Siku moja tukimenya, mke mwenzangu akaniuliza jambo bila kuinua kichwa.

"Dada, siku ile mlipokuja kwetu, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona uliisifu kaimati?"

Nikamwambia ilikuwa nzuri. Akasema wao walikuwa wamejiandaa kwa matusi, babake alikuwa hata amemwita shangazi aje kuwaamua. Kwamba nilipompa leso alidhani nimeitia uganga, akaificha paani mwaka mzima kabla ya kuivaa. Tulicheka, na mimi nilicheka zaidi yake, mpaka kisu kikanianguka.

Tuliporudi mjini, bohari ilikuwa imeungua na tajiri amehamia Unguja. Mume wangu alipata kazi ya kuhesabu magogo kwa Wadachi, kazi ambayo haikumpendeza, kwa sababu gogo, alisema, halina ndani. Alikufa kwa kile kifua chake binti yetu alipokuwa na miaka tisa. Tulikaa eda pamoja, wajane wawili chumba kimoja, tukigawana mkeka na kulumbana juu ya dirisha: yeye alitaka lifunguliwe, mimi nilitaka lifungwe. Sasa ni miaka mingi. Binti ameolewa Winde na ana watoto wake. Mwenzangu haoni vizuri, kwa hiyo ninamsomea barua zinazotoka huko, na yeye ndiye apikaye, kwa kupapasa, na hataki nimsaidie.